Matimba ya Kichwani

Ngokolo, Shinyanga
9 Februari 2024

Mpendwa Deusdedit,

Kosa ambalo watu wengi hulifanya ni kudhani kwamba kinachoshikilia hakina la kusema. Mimi nimelifanya kosa hilo mbele ya darasa kwa miaka thelathini na moja, na wewe ndiye mwanafunzi pekee aliyejaribu kunirekebisha.

Unakumbuka? Kidato cha tatu, mwaka 1999. Nilichora ubongo ubaoni, seli za neva kwa chaki nyeupe, na katikati yake nikajaza vitone vya chaki ya njano. Nikasema hivyo vya njano ni seli za msaada, kazi yake ni kuzishikilia neva zisitawanyike, kama gundi. Hata jina lake la kitaalamu linatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya gundi. Ukanyoosha mkono ukauliza, "Mwalimu, na hiyo gundi haiongei?" Darasa zima likacheka. Nami, badala ya kufikiri, nikakuamuru usimame mpaka kipindi kiishe.

Barua yako ya Januari nimeisoma mara tatu. Unasema machimboni kwenu Rwamgasa kuna fundi mwenzako ambaye mikono yake imeanza kutetemeka. Wengine wanasema ni pombe ya gongo, wengine wanasema karogwa. Wewe unaniuliza kama kuna dawa ya neva, na unaniomba nijibu kwa barua kwa sababu simu ya machimboni husikilizwa na watu kumi. Sawa. Lakini acha kwanza nijibu swali la mwaka 1999, maana la leo limo ndani yake.

Gundi inaongea, Deusdedit. Ulikuwa sahihi.

Miongoni mwa seli za msaada zipo zenye umbo la nyota. Nyota moja hunyoosha mikono yake na kugusa maelfu kwa maelfu ya sehemu ambapo neva mbili hukutana. Zamani tulidhani imekaa pale kushika tu. Sasa inajulikana kwamba inasikiliza. Neva zikizungumza, ndani ya ile nyota kiwango cha kalsiamu hupanda, na kupanda huko husafiri kama wimbi hadi nyota ya jirani, na ya jirani yake. Kisha nyota hutema kemikali zake yenyewe, na neva huzipokea na kubadili mwenendo: hapa ongezeni sauti, pale punguzeni. Wataalamu bado wanabishana ni kwa kiasi gani na kwa njia zipi hasa, nami sitakuficha ubishi huo. Ila kwamba hizi seli si bubu, hilo limeshathibitika.

Zina kazi nyingine tena: kufagia. Neva zikimaliza kusemezana, hubaki mabaki ya kemikali iitwayo glutameti. Nyota huyakusanya upesi ili pawe kimya. Pasipofagiwa, ujumbe wa zamani unaendelea kupigwa kelele juu ya ujumbe mpya.

Sasa niambie kuhusu mwenzako. Anafanya kazi gani hasa? Anavuta hewa ya namna gani? Na dhahabu ikichomwa, yeye anakaa wapi?

Barua hii nampa kondakta wa basi la asubuhi. Nawe fanya hivyohivyo.

Mwalimu wako,
Sesilia Mayala


Rwamgasa, Geita
2 Machi 2024

Shikamoo Mwalimu,

Sisi huku wazima, sijui hali yako na miguu yako. Barua niliipokea stendi nikaisomea palepale. Nilicheka peke yangu mpaka mama muuza maandazi akanisogezea kiti, akidhani nimepatwa na jambo. Miaka ishirini na mitano nimesubiri uniambie nikae.

Mwalimu, hayo uliyoandika mimi nayajua kwa njia nyingine. Watu wa juu wanadhani duara, yaani shimo letu, linashikiliwa na mwamba. Linashikiliwa na matimba, yale magogo tunayoyapanga ukutani na kichwani ili udongo usishuke. Na matimba yanaongea. Gogo likianza kubeba uzito mpya hutoa sauti ndogo, kama mtu anayevunja vidole. Likisema peke yake, tunanyamaza tusikilize. Likijibiwa na la pili na la tatu, tunapanda bila kuulizana. Kwa hiyo ubongo nao una matimba. Ungetufundisha hivyo shuleni ningefaulu.

Sasa huyo mwenzangu. Ni fundi wa matimba kama mimi, wa duara jingine. Watu kumi na wawili wanashuka kila siku chini ya kazi ya mikono yake. Kila gogo hukazwa kwa kabari, na kabari inataka pigo moja la uhakika. Akikiri kwamba mikono inatetemeka, msimamizi atamwondoa siku hiyohiyo, na hana kazi nyingine anayoijua. Asipokiri, ipo siku atapiga vibaya na watu watafukiwa. Hayo ndiyo yanamnyima usingizi.

Kuhusu hewa: dhahabu ya kundi lao inachomwa nyumbani kwake, miaka sita sasa. Walimchagua kwa sababu ni mwaminifu. Anaweka kibonge cha dhahabu na zebaki kwenye kikaango, juu ya jiko la mkaa, chumbani. Anafunga mlango na dirisha, anaziba hata upenyo wa chini kwa khanga. Huku tunaamini upepo ukiingia, dhahabu huruka na moshi na kibonge hupungua. Tena kuna macho ya watu. Akimaliza anafungua, moshi umeshaisha, chumba ni safi.

Gongo hanywi. Hilo naweza kuapa.

Je, mikono yake itarudi? Na ni lazima awaambie wenzake?

Samahani kwa mwandiko, meza hii ni mbovu.

Mwanafunzi wako,
Deusdedit


Ngokolo, Shinyanga
16 Machi 2024

Mpendwa Deusdedit,

Nitakwenda polepole, na wewe nifuate polepole.

Mmeamini kitu ambacho ni kinyume. Dhahabu hairuki kwa moto wa mkaa. Joto lake ni dogo mno kwa dhahabu. Kinachoruka ni zebaki. Ndiyo maana kibonge hupungua, na ndivyo mnavyotaka kipungue. Fundi wako anapoziba upenyo kwa khanga, haokoi hata chembe ya dhahabu. Anafungia zebaki yote ndani pamoja na mapafu yake.

Umeandika "moshi umeshaisha". Neno hilo limenisumbua siku nzima. Haukuisha. Mwingine umeganda kwenye kuta, kwenye godoro, kwenye khanga ileile. Mwingine ameuvuta, ukaingia kwenye damu, ukapanda hadi kichwani. Zebaki ikishafika huko, zile seli nyota ni miongoni mwa zinazoipokea kwa wingi. Zinajaa. Zikijaa, hazifagii vizuri, na kemikali zinazotema zinatoka ovyo. Mkono unaambiwa shika, na kabla haujashika unaambiwa achia, na tena shika. Naeleza kwa urahisi kuliko ilivyo, maana zebaki huumiza na neva zenyewe, lakini picha ni hiyo. Huyo mtu hakurogwa, wala si mlevi. Matimba ya kichwani mwake yanapiga kelele, na kelele hizo ndizo mnazoziona mikononi.

Je, itarudi? Sitaahidi kisichokuwa changu. Waliotolewa kwenye moshi mapema, wengi wao mtetemeko hupungua, kwa miezi, si kwa siku. Wasiotolewa hauwapungukii. Kwanza, kikaango kitoke chumbani. Pili, aende hospitali kubwa wapime mkojo, yeye na wote wanaolala nyumba hiyo. Tatu, asishike nyundo ya kabari mpaka mikono itulie.

Na ndiyo, ni lazima awaambie. Gogo linalokaa kimya ili lisiondolewe halimsaidii aliye chini yake.

Sasa nakuomba ukae chini.

Ninayo kadi ya harusi yako ya mwaka 2011, uliyoniandikia jina kwa mkono, ingawa sikuweza kuja. Nimeiweka mezani kando ya barua yako. Meza mbovu huyumbisha mistari, Deusdedit. Haifanyi kila "m" iwe na milima mitano midogo. Nimesahihisha madaftari maisha yangu yote, na mwandiko wako naujua.

Fundi huyo mkewe anaitwa Rebeka, sivyo?

Usiponijibu nitaelewa. Lakini kitoe kikaango.

Mwalimu wako,
Sesilia Mayala


Rwamgasa, Geita
26 Mei 2024

Shikamoo Mwalimu,

Hunifahamu kwa sura. Mimi ni Rebeka, Mama Herman, mke wa Deusdedit. Nisamehe kukuandikia bila kutambulishwa.

Barua yako ya Machi hakuijibu kwa sababu aliificha kwenye sanduku la zana. Niliikuta mimi, wiki ya Pasaka, nikitafuta msumeno. Nikaisoma nimekaa sakafuni, chumba kilekile.

Nikwambie ukweli, Mwalimu. Tangu Oktoba nilikuwa nikimnusa mdomo kila anaporudi. Vikombe vinamponyoka, anafoka kwa jambo dogo, anasahau alichotumwa. Dada yake aliniambia niwe macho, ni gongo. Kumbe nilikuwa namnusa mdomo wakati ugonjwa unaingilia puani, na mimi na watoto tumelala humohumo.

Aliporudi nilikuwa nimeshatoa kikaango, godoro, khanga na kila kitu, nimeviweka uani. Akaniuliza kama nahama.

"Sihami," nikamwambia. "Kinachohama ni hicho."

"Nani kakuruhusu kusoma barua zangu?"

"Mwalimu wako ameandika jina langu humo. Barua yenye jina langu ni yangu."

Alikasirika siku mbili. Siku ya tatu akaniomba nimsomee ile sehemu ya kufagia. Nikamsomea. Akaniambia nirudie. Kisha akanyoosha mikono yake mezani akaitazama kama ya mtu mwingine, akasema, "Jumatatu nitawaambia."

Nilikwenda naye. Wanaume wote kumi na wawili walikuwa juu, kabla ya kushuka. Akasema kwa maneno machache. Ngassa, msimamizi wao, ni mtu mkavu.

"Kwa hiyo tumekuwa tukifanya kazi chini ya magogo ya mtu anayetetemeka?"

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Tangu Oktoba."

Ndipo Donatus, yule anayemsaidia kupanga magogo, akasema bila kuinua macho, "Kabari za tangu Oktoba ziko sawa. Akishapanda huwa nazirudia moja moja."

Mume wangu akamgeukia. "Ulijua, ukanyamaza?"

"Ningesema nini? Wewe ndiye uliyenifundisha. Nami nilikuwa nasubiri useme wewe."

Mwalimu, nimeishi na mwanamume huyu miaka kumi na mitatu, na siku ile ndiyo ya kwanza kumwona akitokwa na machozi. Ngassa akauliza, "Na masikio? Nayo yanatetemeka?"

"Masikio hayatetemeki."

"Basi shuka na masikio. Mikono iache juu na mkeo."

Watu wakacheka, na wenye hasira nao wakacheka. Hivyo ndivyo ilivyo sasa. Donatus anapiga nyundo, yeye anakaa pembeni anasikiliza magogo na kuelekeza. Alipowaeleza yale uliyomwandikia ya ubongo, wakampa jina. Wanamwita Gundi. Mwanzoni lilimuuma.

Wiki ijayo tunakwenda Mwanza kupimwa, sote. Nami nimekuwa nikisahau chumvi kwenye mboga, na nilidhani ni mawazo.

Wabeja sana, asante sana, Mwalimu.

Rebeka


Rwamgasa, Geita
3 Novemba 2024

Shikamoo Mwalimu,

Tazama "m" zangu kabla hujasoma lolote.

Najua nimekaa kimya. Nilijiapiza nisikuandikie mpaka mkono uweze kuandika sawasawa, na sikutaka uanze kunisahihisha tena.

Hospitalini zebaki ilionekana kwenye mkojo wa sisi sote, wangu ukiwa na nyingi kuliko wote. Daktari alisema vilevile ulivyosema wewe: ondoka kwenye moshi, urudi kupimwa. Watoto wamekwisha kuwa sawa. Mama Herman chumvi anaikumbuka, wakati mwingine mara mbili. Kipimo changu cha mwisho, cha Oktoba, kimeshuka sana. Hakijafika chini kabisa. Asubuhi kidole gumba cha kushoto bado kinacheza kidogo. Mengine yametulia, Mwalimu. Yametulia.

Sasa nikueleze jambo la Jumanne. Kwenye duara letu kuna desturi: fundi akimaliza kupanga matimba mapya, hushuka peke yake na kikombe cha chai, akakaa chini ya kazi yake mwenyewe mpaka chai iishe. Wengine husubiri juu. Akipanda, ndipo wanashuka. Tangu Aprili, chai hiyo ilikuwa ya Donatus.

Wiki iliyopita tulifika kwenye udongo mbaya, mweusi, unaomomonyoka. Donatus akaweka nyundo chini, akasema, "Hapa sipigi mimi. Hapa apige Gundi." Ngassa akasema nipige kabari tatu mbele yake, na yeye akashika taa karibu na mkono wangu. Ya kwanza, pigo moja. Ya pili, pigo moja. Ya tatu Ngassa hakuitazama. Alishageuka kuwaita wengine walete magogo. Nilifanya kazi siku nne.

Jumanne ikawa siku ya chai. Nilijaza kikombe mpaka ukingoni, kwa makusudi, nikateremka nacho. Hatua thelathini na nane za ngazi, mkono mmoja kwenye ngazi, mmoja kwenye kikombe. Juu wote wamelala kifudifudi ukingoni, taa zao zinanimulika kama mwizi.

"Gundi, imemwagika?" Huyo Ngassa.

"Haijamwagika."

"Sema kweli, tunakujua."

"Shuka uone."

"Kunywa kwanza. Nikishuka nitainywa mimi."

Nikakaa chini ya magogo yangu. Nikanywa polepole, nikisikiliza. Gogo moja lilisema, lile la kona, likatulia. Hakuna lililojibu. Nilipomaliza nikakigeuza kikombe juu chini ili waone. Mwalimu, kelele walizopiga watu wale zilifika mwaloni, kunakooshwa mchanga wa dhahabu, kina mama wa huko wakaja mbio wakidhani tumefukiwa. Wakakuta watu wanaimba. Donatus alinibeba mgongoni hadi kwenye kibanda, na mimi ni mzito kuliko yeye.

Jina la Gundi sasa silikatai. Limeandikwa kwa chokaa kwenye nguzo ya lango.

Nyumba kumi na moja zimetoa vikaango vyumbani. Fundi wa kuchomelea ametutengenezea chombo chenye kifuniko na bomba la kuirudisha zebaki kwenye maji, tunachomea mbali, upepo ukiwa mgongoni. Lakini wengi bado wanaziba milango kwa khanga. Wananiambia, "Wewe umepona, na sisi tutapona." Niandikie ukurasa mmoja nikausome mwaloni Jumapili. Mfupi, Mwalimu. Hawajazoea maelezo yako kama mimi.

Mwanafunzi wako aliyeketi,
Deusdedit


Ngokolo, Shinyanga
17 Novemba 2024

Mpendwa Deusdedit,

Nimezitazama. Kila "m" ina milima miwili. Nimeandika "Vema" pembeni kwa wino mwekundu, kisha nikatoka nje nikazunguka nyumba mara mbili, kwa sababu sikuweza kukaa.

Na mimi nina langu. Nilikwenda shuleni, ingawa nimestaafu, nikaomba kipindi kimoja cha kidato cha tatu. Nikachora ubongo ule ule, chaki nyeupe na chaki ya njano. Nikawaambia: niliwafundisha wazazi wa baadhi yenu kwamba hivi vya njano havisemi, na nilikosea. Kuna aliyejua tangu mwaka 1999, nami nikamsimamisha. Leo watu kumi na wawili wanashuka shimoni chini ya kazi yake. Msichana mmoja wa nyuma akauliza, "Mwalimu, kama zinaongea, zinaweza kudanganya?"

Sikumsimamisha. Nilimwambia sijui, nikamwomba aandike swali lake kwenye jalada la daftari na asilifute mpaka apate jibu. Miaka thelathini na moja ya kazi, na sijawahi kutoka darasani nikiwa na furaha kama ile.

Donatus mwambie haya kutoka kwangu: kurudia kabari zile kulikuwa kazi njema, na kusema kungekuwa kazi njema zaidi. Na wewe rudi kupimwa Januari, hata kidole kikitulia.

Ukurasa wako ni huu. Ni mfupi. Nimeukata mara nne.

Mwalimu wako,
Sesilia Mayala


Ndugu wachimbaji, na kina mama wa mwaloni,

Anayewasomea haya mnamjua. Amepona kwa sehemu kubwa kwa sababu alitoka kwenye moshi, wala si kwa sababu moshi ni mwepesi. Aliyebaki ndani yake hana njia hiyo.

Upepo hauchukui dhahabu yenu. Mkifunga mlango mnaifungia zebaki tu, na zebaki itakaa kichwani mwa aliye ndani, na mwa mtoto aliyelala ndani, ikiharibu seli zinazowaambia mikono yao itulie. Hamtaiona wala kuinusa. Mtaona kikombe kimeanguka, mtasema ni gongo.

Sina la kuwaagiza la mwaka ujao. Ninalo moja la leo. Ukitoka hapa, kabla hujala, ingia chumbani unapolala, chukua kikaango cha kuchomea, ukitoe nje.